Vifundo Mia Mbili na Arobaini

Mwalimu Viateur alifariki siku ya Alhamisi, saa nne na robo ya asubuhi, akiwa amechora miguu mitatu kati ya sita.

Chaki ilianguka kwanza, halafu yeye. Wanafunzi wa darasa la nne walidhani ameinama kuiokota, wakangoja. Walingoja kwa adabu, kwa sababu mwalimu huyu alikuwa na kawaida ya kuingia chini ya meza katikati ya somo ili aonyeshe jinsi mdudu fulani anavyojificha. Ilipopita dakika nzima bila mdudu wala mwalimu kutokeza, ndipo mmoja akapiga kelele. Muzee Ntirenganya, sentineli aliyelinda geti la shule, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha kama kila Alhamisi, akaruka kuingia ndani kwa dirisha hilohilo, na miaka yake sitini na mitatu mgongoni.

Mukakalisa, mke wa mwalimu, alipata habari akiwa sokoni kando ya ziwa Kivu, ameshika bakuli la sambaza mbichi, akimpimia mteja. Alimaliza kupima. Akaongeza matabishi, vile visamaki vichache vya juu ambavyo mteja hasamehe akinyimwa. Akafunika meza yake kwa gunia, na tangu saa hiyo akawa mtu ambaye mume wake hayupo.

Mdudu aliyebaki ubaoni na miguu yake mitatu aliitwa kresmoda. Hakuwamo katika programu ya shule. Viateur alikutana naye miaka kumi na tano iliyopita kwenye ukurasa wa jarida la Kifaransa ambalo muuza karanga wa Mabanga alikuwa amelifanya kifungashio. Alikula karanga, akasoma ukurasa, na hakuwa tena mtu yuleyule. Kresmoda, ukurasa ulisema, alitembea juu ya maji zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita, kisha akaisha, hakubaki hata mmoja. Mwili wake ulikuwa kama kijiti, miguu yake mirefu isiyo na haya, na unyayo wake ulikuwa wa ajabu: mahali ambapo wadudu wengine wana vifundo viwili, vitatu au vitano, yeye alikuwa navyo arobaini. Na wataalamu hawakuwa wamekubaliana ni ndugu ya nani. Wengine walimpeleka kwa panzi, wengine kwa wadudu wanaofanana na vijiti, wengine walimwacha peke yake mlangoni kama mgeni asiyetajwa.

"Mama, fikiria," Viateur alikuwa akimwambia mkewe, usiku na mchana. "Arobaini!"

"Vya kazi gani?"

"Hakuna anayejua!" Na hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote.

Basi alizikwa Jumamosi, na watu wakakaa kilio nyumbani kwake Mabanga, chini ya turubai ya bluu iliyofungwa kati ya nyumba ya mbao na choo. Mkubwa wa kilio alikuwa kaka yake, muzee Télesphore, mkulima wa maharage aliyefika kutoka Kiwanja na godoro lake mwenyewe. Télesphore alikuwa mtu mnene, mwenye haki, asiyependa kuchelewa. Katika ukoo wao, mkubwa wa kilio harudi kwake mpaka kilio kikurwe, yaani kifungwe rasmi, na maharage yake yalikuwa yamekauka shambani, yakisubiri kung'olewa.

Kukura kilio kwao kulikuwa na utaratibu. Siku ya nane mjane hunyolewa nywele, nyumba hufagiliwa kutoka chumbani kuelekea nje, na nguo za marehemu hugawanywa kwa ndugu zake. Lakini kabla ya hayo yote, mkubwa wa kilio husimama na kuuliza mara tatu kama kuna mtu mwenye neno na marehemu. Neno likitokea, linamalizwa kwanza. Lisipomalizwa, hakuna wembe, hakuna ufagio, hakuna nguo inayotoka.

Mukakalisa aliingoja siku hiyo ya nane kwa hofu ambayo hakumwambia mtu. Nywele zilikuwa nywele. Nyumba ilikuwa nyumba. Lakini nyuma ya mlango wa chumba lilining'inia koti la kahawia la Viateur, viwiko vimepauka, mifuko imejaa vumbi la chaki. Kila asubuhi Mukakalisa alisimama mbele yake kabla ya mtu mwingine kuamka. Hakuligusa. Alisimama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga vifungo watoke pamoja. Na koti, kwa utaratibu, lilikuwa la Télesphore.

"Nani iko na neno na marehemu?" aliuliza Télesphore siku ya nane, kofia mkononi.

Akageukia upande wa pili.

"Nani iko na neno na marehemu?"

Mtu alikohoa. Deborah, jirani fundi wa nguo, alikuwa tayari ameshika wembe.

"Mara ya tatu na ya mwisho—"

"Miye niko nalo."

Muzee Ntirenganya alisimama nyuma ya turubai, katika sare yake ya usentineli, filimbi ikining'inia shingoni.

Télesphore alishusha pumzi. "Sema, muzee. Marehemu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Aliniahidi. Miaka kumi na moja niko nasikiliza somo lake kwa dirisha. Siku alinikamata, hakunifukuza, alifungua dirisha zaidi. Aliniambia: muzee, mbele nikufe, nitakuonyesha kresmoda akitembea juu ya maji ya Kivu. Sasa amekufa. Na miye sijamuona."

Watu waligeuka kutazamana. Shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake kuhusu wanaume na siri zao.

"Huyu Kresmoda," Télesphore aliuliza taratibu, akimtazama mjane kwa huruma, "ni mwanamuke wa wapi?"

"Ni mdudu, shemeji," alisema Mukakalisa.

"Ah! Mdudu!" Uso wa Télesphore ulikunjuka. "Basi mutu aende amulete."

"Amekufa."

"Tangu lini?"

"Miaka milioni mia moja na zaidi."

Télesphore alifikiri. "Mbele ya Wabelgiji?"

"Mbele sana, shemeji."

Akamgeukia mlalamikaji. "Muzee wangu, umesikia. Uliahidiwa na mutu amekufa, juu ya kitu imekufa. Neno imekwisha."

"Haijaisha," alisema Ntirenganya. "Viateur alijua vizuri kama kadudu ilikufa. Yeye mwenyewe alitufundisha. Na bado aliahidi. Mutu mwenye akili yake akiahidi kitu anajua ni nguvu, ahadi inakuwa kubwa zaidi, haiwi ndogo."

Wazee walisogeza viti, wakainamisha vichwa, wakashauriana muda wa chupa mbili za mutobe, ile pombe ya ndizi. Walipoinua vichwa walikuwa na nyuso za watu walioshindwa. Neno lilikuwa neno. Deborah alifunga wembe wake katika karatasi. Watu walikula wali wa kukura kilio, kwa kuwa ulikuwa umeshaiva, wakaenda zao bila kilio kukurwa.

Asubuhi iliyofuata Mukakalisa alisimama mbele ya koti. Lilikuwepo.

Wiki ile ya kwanza Télesphore alifanya kazi kama mtu aliyeitiwa moto. Alishuka mwenyewe mpaka kwenye vidimbwi vya kando ya ziwa, kati ya mawe meusi, ambako kuna wadudu wadogo wanaoteleza juu ya maji. Alikamata wanne kwa chandarua, akawaleta nyumbani katika kopo la maziwa ya unga. Ntirenganya aliitwa. Alivaa miwani yake ya mkono mmoja, akainama juu ya kopo muda mrefu sana.

"Vifundo viwili," alisema hatimaye. "Siye."

"Labda ni mjukuu wake!"

"Mwalimu alisema si ndugu hata kidogo. Wanafanana mwendo tu. Weye na mimi tunatembea kwa miguu miwili, muzee Télesphore, tuko ndugu?"

Télesphore akawamwaga wadudu nyuma ya choo.

Kisha akaleta mchungaji. Mchungaji alisikiliza habari yote, akafuta jasho, akasema kwamba kwa Mungu hakuna lisilowezekana na akapendekeza mfungo wa siku tatu ili Bwana amrudishe mdudu.

"Hapana, mchungaji," alisema Ntirenganya kwa heshima. "Kama uko na uwezo wa kurudisha, usianze na kadudu. Anza na Viateur."

Mukakalisa, aliyekuwa anachagua maharage kwenye ungo mlangoni, aliendelea kuchagua. Baadaye aligundua kwamba alikuwa amebakiza mawe yote kwenye ungo na kutupa maharage yote nje.

Wiki ya pili akaja Gauthier. Huyu alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kutoka Munigi, na mwanawe alikuwa amefaulu biolojia kwa Viateur baada ya kushindwa mara tatu, kwa hiyo alitaka kufanya kazi hiyo bure. Alichukua maelezo yote kwa Ntirenganya, akiandika kwa penseli kwenye kiganja. Siku tano baadaye alishuka barabara akisukuma kitu ambacho watu walikitolea njia bila kuombwa.

Kilikuwa kresmoda wa mti wa kalitusi, mwenye urefu wa mita mbili na nusu. Alikuwa na miguu sita iliyotandazwa, na katika kila unyayo Gauthier alikuwa amepigilia misumari arobaini, mmoja kwa kila kifundo. Alikuwa amepakwa mafuta machafu ya gari akang'aa. Kwa nyuma, chini ya tumbo, kulikuwa na kipande cha tairi kilichofungwa kwa waya.

"Na hii?" Mukakalisa aliuliza.

"Breki, mama."

"Breki ya nini?"

"Mama, kitu chochote kinatembea lazima kiwe na breki. Weye teremuka kutoka Kibumba na magunia sita ya viazi bila breki, utafika mbinguni mbele ya mume wako."

Télesphore alizunguka mara mbili, akagonga mgongo wa mnyama kwa kidole. Alikuwa tayari kulia kwa furaha. "Niyo! Muzee Ntirenganya, angalia, vifundo karante, arobaini kamili! Hesabu!"

Ntirenganya alihesabu, kwani alikuwa mtu wa haki. Vilikuwa arobaini kila mguu, ila mmoja ulikuwa na thelathini na tisa.

"Huyu ni chukudu bila magurudumu," alisema. "Sikumwambia mwalimu anionyeshe chukudu."

Na hapo Mukakalisa alifanya jambo lililomshangaza hata yeye. Alisema haraka, kabla ya mtu mwingine: "Kweli. Na huu mmoja umepungua kifundo. Mume wangu hangekubali." Kisha akaingia ndani, akajiona amesimama mbele ya koti na tabasamu lisilofaa kwa mjane.

Kresmoda wa Gauthier aliegeshwa ukutani. Watu wa kilio walimtundikia makoti yao ya mvua.

Wiki ya tatu shule ilituma mtu. Alikuwa mwalimu mpya, Dorine, msichana mwembamba aliyekuja na viatu mkononi kwa sababu ya matope, na hakuwa amekuja kutoa pole tu.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ni juu ya ubao. Muzee wa getini anakataza ufutwe. Kila asubuhi ananiwahi darasani, anasimama na filimbi. Nimefundisha kemia wiki mbili mahali padogo kama sinia. Juzi niliandika fomula moja, mwisho wake ukaingia mlangoni."

Mukakalisa akajifunga kitenge chake cheusi, akaenda naye. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje tangu mazishi. Njiani hakumsalimu mtu, na watu, wakiona nywele zake ambazo bado hazijanyolewa, hawakumtaka azungumze.

Darasani palikuwa patupu, wanafunzi wako nje kwa mapumziko. Ubao ulikuwa umejaa. Viateur alikuwa amemchora kresmoda mkubwa, kutoka ukingo huu mpaka karibu na ule: kichwa, pembe mbili, mwili, mguu wa kushoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Upande wa kulia palibaki nafasi ndogo, bila mguu hata mmoja. Mnyama alionekana kama mtu aliyeamka nusu. Mukakalisa alisogea. Akaanza kuhesabu vifundo kwa kidole bila kugusa. Mguu wa kwanza, arobaini. Wa pili, arobaini. Wa tatu aliuhesabu mara mbili kuhakikisha.

Ishirini na tatu.

Baada ya kifundo cha ishirini na tatu kulikuwa na mstari mfupi ulioshuka, mwembamba, halafu ubao mtupu.

Ntirenganya alikuwa mlangoni, kofia kifuani.

"Muzee," Mukakalisa alisema bila kugeuka, "weye ni mutu mukubwa. Unajua kabisa hakuna atakayekuonyesha huyu kitu. Kwa nini ulisimama siku ile?"

Ntirenganya aliingia hatua moja.

"Mama, nilikuona. Siku ya mazishi niliingia ndani kutafuta maji ya kunywa. Nilikuona nyuma ya mlango, na lile koti. Nikauliza, wakaniambia siku ya nane linaenda Kiwanja." Alizungusha kofia mikononi. "Miye ni sentineli. Kazi yangu ni kuchelewesha watu kwa mlango. Sijui kazi ingine."

Mukakalisa alirudisha kidole mbele ya kifundo cha ishirini na tatu.

"Lakini usifikiri ni uongo," aliongeza mzee, sauti ikipanda. "Aliniahidi kweli! Na nataka kumuona. Bibi yangu kule Munigi ananicheka miaka kumi na moja. Ananiita Papa Karante. Nikimwambia nipe chumvi, anauliza: vifundo ngapi?"

Ndipo Mukakalisa alipocheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichotoka kama kikohozi, na kilipoisha alikuwa ameketi kwenye dawati la mbele akifuta macho kwa ncha ya kitenge, na Dorine amesimama kando yake bila kujua aweke wapi viatu vyake.

"Mwalimu," Mukakalisa alimwuliza, "mdudu anasimama juu ya maji namna gani? Hazami kwa nini?"

Dorine alifurahi kupata swali analolijua. Aliomba bakuli la maji, akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, akaipaka mafuta aliyoyapangusa kwenye paji la uso, akailaza juu ya maji polepole. Sindano ikalala juu yake. Chini yake maji yalibonyea kidogo, kama godoro.

"Maji yana ngozi," alisema. "Ni nyembamba, lakini ipo. Ukiwa mwepesi na ukijitandaza vizuri, na usilowe, itakubeba."

"Nipe siku kumi na mbili," alisema Mukakalisa. "Halafu ubao ni wako."

Nyumbani alitafuta nyuma ya jiko kipande cha wavu wa sambaza kilichochanika, akachomoa nyuzi za nailoni, nyembamba kama unywele wa mzungu. Kwa mwili alichagua bua moja kavu la nyasi kutoka paa la banda la kuku. Akaketi mlangoni penye mwanga, akafunga kifundo cha kwanza. Halafu cha pili, karibu nacho. Arobaini kwa mguu, miguu sita. Asubuhi ya kwanza alifunga tisa na macho yakamuuma. Jioni ishirini.

Hakuwa anawaza mambo makubwa. Alikumbuka jinsi Viateur alivyokuwa akimsalimu mjusi wa chooni kwa jina lake la Kilatini, na kumwomba msamaha kabla ya kukaa. Alikumbuka mwaka ule walipokimbia mlima ulipotema moto, watu wamebeba magodoro na mbuzi, yeye amebeba chupa yenye panzi, na kufika mpakani akaulizwa ana nini cha thamani. Alikumbuka kwamba Viateur hakupenda kitunguu na alikula miaka ishirini na miwili bila kusema, mpaka siku moja akasema. Mengine hayakuwa hata kumbukumbu. Ulikuwa uzi tu na kidole.

"Umefika ngapi?" Télesphore aliuliza kila saa.

"Tisini na tatu."

"Asubuhi ulisema tisini na moja!"

"Viwili vimeingia, shemeji."

Simu kutoka Kiwanja ziliita. Maharage, mkewe alisema, sasa yanapasuka yenyewe na njiwa wameleta jamaa zao. Siku ya sita Télesphore hakuvumilia. Alimsubiri Mukakalisa aende kuteka maji, akachukua uzi amsaidie. Alifunga kifundo kimoja, kile anachokijua, cha kufungia mbuzi. Mukakalisa alipoteza nusu ya siku kukifungua kwa sindano, na tangu hapo Télesphore alikatazwa kukaa karibu na mlango. Alikaa chini ya turubai, kando ya kresmoda wa Gauthier, akihesabu kwa sauti ndogo.

Mguu wa tatu wa kushoto, alipofika kifundo cha ishirini na tatu, Mukakalisa aliweka uzi chini. Hakufunga kingine siku hiyo. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya koti, na kwa mara ya kwanza aliligusa: alikung'uta bega la kushoto, ambako vumbi lilikuwa limezidi. Akarudi mlangoni. Akafunga cha ishirini na nne.

Siku ya kumi na mbili aliyeyusha mshumaa kwenye kopo, akapitisha miguu yote sita ndani ya nta, mmoja mmoja, akaifunga kwenye bua, akaitandaza ikakauka. Ntirenganya aliletwa na miwani yake. Alihesabu tangu saa tatu mpaka saa tano. Alipomaliza hakusema "ni yeye" wala "siye". Alisema, "Twende ziwani."

Walikwenda kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa likiwa bado halijaamshwa na upepo. Walikuwa Mukakalisa, Télesphore, Ntirenganya na mkewe aliyekuja kutoka Munigi kushuhudia, Deborah na wembe wake, Dorine, na Gauthier, ambaye hakukubali kazi yake ibaki nyumbani. Alisukuma kresmoda wake mpaka ukingoni, akamtia majini kabla ya mtu kumzuia.

Alielea. Lakini alijigeuza chali papohapo, miguu yote sita juu na misumari ikimeta, breki ikitazama mbingu. Wavuvi waliokuwa wanarudi na wavu waliacha kuimba.

"Ni mzito kichwani," Gauthier alieleza.

Mukakalisa alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, mahali penye kijighuba kati ya mawe. Alifungua kiganja. Kresmoda wake hakuwa mzito kuliko pumzi. Alimlaza juu ya maji jinsi Dorine alivyolaza sindano, akaondoa vidole.

Maji yalibonyea mahali sita. Yalimbeba.

Alikaa pale, haendi popote. Kisha ukaja upepo mdogo kutoka upande wa bandari, ukamwingia chini ya bua, na kresmoda akaenda. Aliteleza hatua moja, akasimama, akateleza tena. Alipita mbele ya Ntirenganya, akapita mbele ya mkewe Ntirenganya, akaelekea maji makubwa, mita mbili, mita tatu, miguu yake isiyo na haya imetandazwa, vifundo vyote mia mbili na arobaini juu ya maji ya Kivu.

"Papa Karante," mke wa Ntirenganya alisema taratibu. "Kumbe."

Mzee hakusikia. Miwani yake ilikuwa imejaa maji.

Kisha mdiria, yule ndege wa madoa meusi na meupe, alishuka kutoka kwenye waya wa umeme kama jiwe. Yalisikika maji mara moja tu. Alipopanda juu alikuwa na kresmoda mdomoni, mguu mmoja ukining'inia nje. Akaenda naye upande wa Gisenyi.

Gauthier alimfuata kwa kidole mpaka akapotea.

"Amekufa tena," Dorine alinong'ona.

Deborah, mwenye moyo laini, alianza: "Sasa na yeye tutamkalia ki—"

"Hapana!" Télesphore alipaza sauti mpaka wavuvi wakageuka. "Hapana! Huyu hana ukoo, wataalamu wamesema!" Akavaa kofia, akaivua, akasimama wima juu ya jiwe. "Muzee Ntirenganya. Mbele ya mashahidi. Bado uko na neno na marehemu?"

Ntirenganya alimtazama Mukakalisa, aliyekuwa bado majini, mikono imefunguka. Alimtazama kama sentineli anavyomtazama mwenye nyumba: nifungue, nisifungue?

Mukakalisa alitikisa kichwa kukubali.

"Sina neno," alisema Ntirenganya.

Kilio kilikurwa siku hiyohiyo kabla ya saa sita. Deborah alinyoa. Shangazi walifagia kutoka chumbani kuelekea nje. Télesphore alipewa viatu, mashati matatu na koti. Alivaa koti pale uani, akavuta pumzi, akapiga chafya mara saba. Alitazama viwiko, akatazama mifuko, akamtazama mjane wa ndugu yake, ambaye alikuwa anaangalia mahali pengine kwa nguvu zote.

"Hii iko na vumbi ya shule," alisema. "Miye ni mutu wa maharage." Akalivua, akalitundika tena nyuma ya mlango yeye mwenyewe, akachukua godoro lake akaenda kutafuta gari la Kiwanja.

Jumatatu Mukakalisa alienda shuleni na ndoo na kitambaa. Alifuta ubao kuanzia kulia, ambako hakukuwa na kitu, akaenda polepole kuelekea kushoto. Maji ya ndoo yaligeuka meupe, akayamwaga chini ya dirisha ambako Ntirenganya husimama.

Sasa Mukakalisa yuko sokoni kila siku isipokuwa Jumapili, na Dorine anafundisha kwa ubao mzima.